Msiba Nyumbani kwa Bwana Afya

Tangu mumewe afunge vilabu vya pombe, waliokuwa bado wakimsalimia Paulina pale Mchombe walikuwa watoto tu. Watoto hawakuwa na habari. Walimkimbilia njiani na shikamoo zao kama zamani, naye aliziitikia moja moja, taratibu, kama mtu anayepewa chakula asijue atapewa tena lini.

Watu wazima walikuwa na mambo yao. Wakimwona anakuja na ndoo walikumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni, au waliinama kutafuta chini kitu ambacho hakikuwepo. Ilikuwa masika ya mwaka ule wa Elinino, mvua iliponyesha ikasahau kuacha. Mto Kilombero ulitoka kwenye njia yake ukalala juu ya mashamba ya mpunga. Vyoo vya mashimo vilifurika vikamwaga vilivyomo visimani. Na kipindupindu, ambacho kilisikika kwanza redioni kikiwa mbali, kisha midomoni mwa wasafiri kikiwa Ifakara, siku moja kikawa kimefika, hakuna aliyekiona kikishuka garini.

Ndipo Anselim, mume wa Paulina, Bwana Afya wa kata, mtu ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kukagua vyoo na kutaniana na wenye vyoo vibovu, akageuka kuwa serikali nzima. Amri zilitoka juu, lakini mdomo uliozitamka ulikuwa wake. Vilabu vifungwe. Chakula kilichopikwa kisiuzwe barabarani. Shule ifungwe, madarasa yawe kambi ya wagonjwa. Mgonjwa asifichwe. Na aliyekufa kwa kipindupindu asioshwe na ndugu wala asilazwe nyumbani. Azikwe siku ileile na watu wa afya, kwenye kiwanja kilichotengwa nyuma ya shule, na matanga yasikaliwe.

Hilo la mwisho ndilo lililowakaa watu kooni. Kukosa pombe kunavumilika. Lakini kumpeleka mtu wako shuleni anapumua, kisha ukaoneshwa kifusi kilichomwagiwa chokaa na kuambiwa ndiye huyo, halafu urudi nyumbani ukae mwenyewe bila mtu wa kukushika mkono, hilo watu wa Mchombe hawakuwa wamelijua tangu wazee wao washuke kutoka Mahenge kuja kulima bondeni.

Asubuhi moja, kwenye bomba la kupampu, Paulina alimkuta Klementina peke yake. Kabla ya ugonjwa, Klementina alikuwa mtu wake wa karibu kuliko wote: mpika pombe ya komoni mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, na mama wa ubatizo wa Beno, mtoto wa kwanza wa Paulina. Lakini mapipa yake ya komoni Anselim aliyamwaga kwa mkono wake, mgambo wakiwa wamesimama pembeni. Na baada ya mapipa ikaja habari ya Gladness, wifi yake Klementina, mke wa mdogo wake Jeremia. Gladness alifia kambini akazikwa jioni ileile. Jeremia alisimama nje ya kamba iliyozungushiwa shule akampigia Anselim kelele mpaka sauti ikakauka: "Umemzika mke wangu kama mbwa aliyekula sumu!"

Ndoo ya Klementina ilikuwa chini ya bomba, imejaa nusu. Paulina alishika mpini akaanza kupampu, kama walivyozoea kusaidiana. Klementina alimwacha. Alisimama mikono kiunoni akitazama barabara mpaka ndoo ikajaa na maji yakaanza kumwagika. Kisha akaiinua, akayamwaga maji yote kwenye tope, akaisuuza ndoo, akairudisha chini ya bomba na kuanza kupampu mwenyewe.

"Klementina," alisema Paulina, "mimi nimekukosea nini, dada yangu?"

"Wewe hujanikosea, mama Beno. Wewe unalala na aliyenikosea."

"Amri si zake."

"Mikono je? Nayo ililetwa kwa gari la wilaya?"

Paulina alisubiri mwenzake ajaze ndoo, ajitwishe, aende. Ndipo akateka maji yake.


Jioni Anselim alirudi akiwa ameloa. Alivua mabuti nje, akanawa kwa maji ya dawa kwenye beseni lililokaa mlangoni siku zote, akaingia ndani harufu ya klorini ikiwa imemtangulia. Harufu hiyo ilikuwa imeingia kwenye mashuka, kwenye kanga, hata kwenye ugali. Paulina alimwekea chakula akakaa mbele yake, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa mbele yake. Shule zilipofungwa waliwapeleka Beno na mdogo wake kwa shangazi yao Ifakara, kisha maji yakakata barabara. Mama yake Paulina, Luciana, ambaye alikuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, alikuwa shambani mbugani akiamia ndege. Mpunga uliopona mafuriko ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege hawakuwa na habari ya kipindupindu.

"Hapa hakuna anayeniongelesha, baba Beno," alisema Paulina.

"Itapita."

"Leo Klementina amemwaga maji niliyompampia mimi."

Anselim alitafuna kwanza. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. "Bora amwage maji. Kuna watu kule Idete hawataki hata kuyachemsha. Kesho naamkia huko. Wameficha wagonjwa."

"Lakini Jeremia ungemruhusu hata amfunike tu mke wake. Kumfunika shuka. Kuna ubaya gani?"

Aliacha kula. "Mama Beno, yule mzee wa kwanza kufa, waliomwosha ndio waliowapikia waombolezaji. Unajua wako wapi sasa hivi? Wako nyuma ya shule, wamelala pamoja naye. Nikimlegezea mmoja afunike shuka, wa pili ataomba aoshe uso, wa tatu ataomba alaze maiti ndani mpaka shangazi afike kutoka Mlimba. Nitamkatalia nani, nitamkubalia nani?"

Paulina alijua mumewe anasema kweli, na kujua huko hakukumsaidia kitu. Alimtazama akinawa tena mikono, mpaka kwenye viwiko, akisugua kama anayetaka kuvua ngozi.

"Msalimie mama kesho ukienda shamba," alisema Anselim. "Mwambie achemshe maji. Asinywe ya kwenye mfereji."

Hakuwa akiongea na Luciana yeye mwenyewe kwa maneno mengi. Katika desturi yao mkwe hamzoei mkwe. Miaka yote waliyokaa nyumba moja, Anselim alimwamkia mama mkwe wake kutoka nje ya mlango, macho yakiwa chini, na hakuwahi kumwona akila wala akiwa amelala. Luciana naye, akisikia baiskeli ya mkwewe inaingia uani, alijifunga kanga ya pili hata kama alikuwa ameshajifunga vizuri.


Kesho yake Paulina alipokaribia shamba, alisikia ndege kabla hajauona mpunga. Kwelea kwelea walikuwa wamejaa kwenye masuke wakila kwa raha, na hakuna aliyekuwa akipiga debe wala kupiga kelele. Akaangusha kikapu akakimbia.

Luciana alikuwa chini ya dungu, kwenye kibanda cha nyasi, amejikunja kama mtoto. Alikuwa amemwaga majivu kila mahali ili kuficha uchafu, lakini majivu hayakutosha. Macho yalikuwa yamezama ndani, na ngozi ya mkono, Paulina alipoishika, ilibaki imesimama vilevile kama nguo iliyofinywa.

"Mama! Tangu lini?"

"Jana. Nimekunywa maji ya majani, yamekataa kukaa." Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu. "Usipige kelele. Nitakaa hapahapa. Likipita limepita."

"Twende kambini."

"Siendi."

"Mama, kule kuna dripu. Watu wanapona, nimewaona kwa macho yangu wakitoka."

"Na mkwe wangu anione hivi nilivyo?" Luciana aliivuta kanga yake iliyochafuka akajifunika miguu. "Sijawahi kumtia aibu yule kijana. Niache."

Paulina alianza kumfuta kwa kanga yake mwenyewe, huku akilia bila sauti na kukumbuka yote aliyoambiwa na mumewe kuhusu kumshika mgonjwa, asiweze kuyafuata. Hapo Luciana akamshika kifundo cha mkono.

"Nikuambie kitu. Usimwambie mumeo. Nilikwenda kwa akina Jeremia."

"Lini?"

"Siku ya pili baada ya Gladness kuzikwa. Nilipokuaga naja huku shamba, nilipitia kule kwanza, kwa nyuma, kwenye migomba, mgambo wasinione. Mama yake Gladness alikuwa amekaa peke yake kwenye mlango, Paulina, amekumbatia nguo za mtoto wake. Peke yake kabisa. Nikakaa naye. Klementina akatuletea uji, bakuli moja, tukanywa pamoja." Akapumzika kidogo. "Nilijua mkwe amekataza. Lakini ningemrudishia bakuli mkononi?"

Paulina alimtazama mama yake. Ilimpitia hasira kali, hasira ya mtu aliyekaa peke yake siku nyingi akilipia amri ambazo mama yake mwenyewe alikuwa hazifuati. Kisha hasira ikatoka, kukabaki hofu tupu.

Angeweza kumwacha pale. Alilifikiria hilo, na baadaye hakujificha kwamba alilifikiria. Anselim alikuwa Idete. Asingejua mpaka yaishe, na mama yake angelazwa chini ya mti wa shamba lake mwenyewe, akiwa ameoshwa na binti yake. Ndivyo familia nyingi zilivyokuwa zikifanya. Alifikiria, kisha akachuchumaa, akamvuta mama yake mgongoni, akamfunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, akasimama.

Luciana alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kwenye barabara ya Mlimba walikutana na Donati, jirani wa nyumba ya pili, akisukuma baiskeli tupu. Paulina alimwita kwa mbali. Donati akasimama. Alipotambua mzigo uliokuwa mgongoni akarudi nyuma hatua kadhaa, na tairi la baiskeli likaingia kwenye dimbwi.

"Nisaidie baiskeli tu, shemeji. Mimi mwenyewe nitamshika. Wewe usimguse."

"Pole, shemeji." Donati alitazama pembeni. Halafu kitu kama tabasamu kikamjia, na akakiacha kije. "Lakini Bwana Afya ametuambia mgonjwa asibebwe na mtu asiye na glavu. Mimi sina glavu."

Akapanda baiskeli akaenda zake.

Paulina aliendelea. Kijijini milango ilikuwa wazi alipokuwa mbali, ikafungwa alipokaribia. Watoto waliotaka kumkimbilia waliitwa ndani. Alipita nyumba ya Donati, akapita kanisa la kigango, akapita kilabu cha Klementina chenye mlango uliopigiliwa mbao, mama yake akimpumulia shingoni pumzi fupifupi. Hakuna aliyetoka. Mtu mmoja tu alikuwa nje, naye alikuwa Jeremia, amekaa chini kwenye nyasi nje ya kamba ya shule, upande wa makaburi, mahali alipokuwa akishinda kila siku. Jeremia aliwatazama wakipita. Hakusimama.


Muuguzi aliyekuwa kambini, Sista Konsolata, aliwapokea mlangoni, akawanyunyizia dawa miguu, akamlaza Luciana kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, ndoo ikiwa chini yake. Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za darasa la nne. Alitafuta mshipa mkono wa kulia, akautafuta wa kushoto, akaja kuupata mguuni.

"Ungemleta jana," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na alikuwa amewaambia wengi maneno hayo.

Walimwekea chupa moja ya maji, wakamwekea nyingine. Kuna wakati Luciana alifumbua macho akaonekana amerudi kabisa, akauliza sauti ikiwa yake:

"Ndege wamekula?"

"Hawajala, mama. Kuna mtu nimemwacha anaamia."

"Nani?"

"Klementina," alisema Paulina. Ndilo jina lililomjia.

Luciana aliridhika na jibu hilo. "Mwambie asikae juani," alisema.

Alikufa asubuhi iliyofuata, mvua ikipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba Paulina hakusikia pumzi ilipokoma. Sista Konsolata ndiye aliyemgusa bega. Paulina alinyoosha mkono ili amfumbe mama yake macho, na Sista, kwa upole, akaushika mkono ule angani na kuurudisha.

"Unajua mwenyewe, mama Beno," alisema. "Wewe kuliko wote."


Habari zilimkuta Anselim njiani akirudi kutoka Idete. Alifika mchana akiwa na tope mpaka mapajani. Paulina alikuwa amekaa kwenye korido ya shule. Hakuinuka.

"Mama Beno," alisema Anselim. Aliinua mkono kama anayetaka kumshika, akakumbuka anatoka wapi na mikono yake, akaushusha.

Walitakiwa wanaume wawili kwa kazi ile: mmoja wa kunyunyizia dawa, kuziba na kufunga maiti kwenye plastiki, na mwingine wa kushika naye machela. Lakini mmoja wao alikuwa ameanza kuharisha alfajiri, naye sasa alikuwa amelala darasa la pili. Aliyebaki, Viktor, hakuwa amefundishwa kufunga, naye alikuwa shimoni akichimba; Sista hakuweza kuwaacha wagonjwa. Mtu wa kufunga alikuwa Anselim tu.

Wote wawili walilifahamu hilo kwa wakati mmoja. Paulina ndiye aliyelisema.

"Huwezi. Wewe ni mkwe wake."

"Hakuna mwingine."

"Alikufa akiogopa usije ukamwona. Ndilo alilokuwa analia nalo, baba Beno, si kufa. Huwezi kumvua nguo mama yangu."

Anselim alitazama mlango wa darasa, akatazama mvua. Uso wake ulifanya kitu ambacho Paulina hakuwahi kukiona ukifanya katika miaka yote ya ndoa yao. Midomo ilimtetemeka kama ya Beno anapozuia kilio. Kisha akaingia stoo, akatoka na aproni ya mpira, mabuti na jozi ya glavu ndefu, akamnyooshea.

"Vaa," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuelekeza nikiwa nje. Mfute uso. Mfunge kanga yake mwenyewe. Fanya haraka."

Paulina alivipokea. Glavu zilikuwa baridi, zimeloa dawa. Aliingiza mkono mmoja. Alikuwa ameshaona akilini kila kitu: atauanzia uso, atazilaza nywele zile nyeupe nyuma ya masikio kama mama alivyopenda, atazungumza naye. Aliinua macho aone maji yako wapi.

Jeremia alikuwa amesimama kwenye kamba. Mvua ilikuwa ikimshukia kichwani na hakuwa akijifuta. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akitazama tu zile glavu, kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake.

Paulina alisimama na glavu moja mkononi kwa muda mrefu. Ndani, mama yake alikuwa akisubiri.

"Jeremia aliomba hivi?" aliuliza.

"Mama Beno, vaa."

"Nakuuliza. Alikuomba avae?"

"Aliomba," alisema Anselim. "Alipiga magoti."

Paulina alivua ile glavu. Iling'ang'ania vidole, ikabidi aivute. Akaikunja pamoja na mwenzake, akaziweka juu ya aproni, akamrudishia mumewe.

"Basi na mimi hapana."

"Paulina." Hakuwa amemwita kwa jina tangu Beno azaliwe.

"Nikimwosha leo, kesho wataanza kuoshana wote. Na watakuwa na haki. Ulisema mwenyewe." Sauti ilikuwa ikimkatika. "Nenda. Ila usimtazame. Fanya unavyoweza, usimtazame."

Akaenda akasimama mwisho wa korido, mahali ambapo mlango wa darasa ulionekana. Alimwona Anselim akivaa aproni, akivaa glavu, akifunga kitambaa puani. Alimwona akifika kizingitini akasimama, kama alivyosimama kila asubuhi nje ya mlango wa chumba cha mama mkwe wake. Akapiga goti moja.

"Shikamoo, mama," alisema Anselim. "Naomba unisamehe."

Alingoja kidogo, kama desturi. Kisha akaingia uso akiwa ameugeuzia ukutani, mikono ikitangulia mbele kama ya kipofu, akaufunga mlango.

Maziko hayakuchukua muda. Anselim mbele, Viktor nyuma, machela katikati, plastiki nyeusi ikimeta kwa maji ya mvua. Paulina alifuata kwa mbali, kadiri alivyoruhusiwa, upande huu wa kamba, na Jeremia alikuwa upande huohuo, mbali kidogo naye. Chokaa ilipomwagwa ilitoa moshi kidogo kwenye unyevu. Jeremia alivua kofia. Udongo ulipokwisha kusawazishwa aliirudisha kichwani, akaondoka kuelekea nyumbani kwao.


Nyumbani hapakuwa na moto uliowashwa na majirani, wala kuni zilizoletwa, wala wanawake waliojaa jikoni wakigombana kwa sauti za chini juu ya chumvi. Fransisko, katekista wa kigango, alifika mpaka barabarani, akasimama chini ya mwavuli akasema sala ya marehemu kwa sauti kubwa ili isikike ndani. Alipomaliza alifanya ishara ya msalaba, akageuza. Paulina alimshukuru moyoni. Hakuna mwingine aliyekuja.

Anselim alikuwa amekaa nje chini ya upenu, kwenye kigoda, hajavua mabuti. Alikuwa amenawa, amenawa tena, kisha akakaa hapo. Hakuingia ndani. Paulina alielewa: mtu aliyemshika mkwe wake vile hajui tena aingie vipi katika nyumba aliyokuwa akiishi mkwe huyo.

Yeye alikaa sakafuni chumbani kwa mama yake. Kanga ya pili ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Alitaka kulia na kilio hakikuja. Hakuwa amewahi kulia msiba peke yake. Siku zote kulikuwa na mtu wa kuanza, na wa kupokea, na wa kumshika anayezidiwa. Alifungua mdomo, kikatoka kitu kama kikohozi. Akaufunga. Jua lilikuwa likizama nyuma ya mawingu, mvua imekuwa manyunyu, na kijiji kilikuwa kimya kama kilivyokuwa kimya wiki zote zile.

Ndipo akaisikia ile sauti. Ilitoka upande wa kilabu kilichofungwa, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama Luciana weee! Mama uliyekuja tulipoachwa! Mama Luciana weee, umetuacha na nani!"

Ilikata ukimya katikati. Ikapumua, ikaanza tena, na safari hii sauti nyingine, ya kizee, ikaidaka; Paulina aliitambua kuwa ya mama yake Gladness. Wa tatu akaitika kutoka nyumba ya Donati, mke wake bila shaka. Kisha kutoka upande wa kigango. Kisha mbali zaidi, bondeni, nyumba ambazo Paulina hata hakujua kama walimfahamu mama yake. Hakuna aliyetoka kwake. Kila mwanamke alisimama uani mwake akalia kwa nguvu, na vilio vikakutana juu ya mapaa.

Mgambo wawili walitokea barabarani, wakasimama mbele ya nyumba wakimtazama Anselim, wakisubiri. Anselim alikuwa amesimama. Alisikiliza huku na huku.

"Bwana Afya?" mmoja aliuliza. "Tufanyeje?"

"Kuna watu wamekusanyika mahali?"

Mgambo walitazamana. "Hapana. Kila mtu yuko kwake."

"Basi nendeni mkapumzike," alisema Anselim, akakaa.

Paulina alitoka mlangoni. Mdomo ulifunguka wenyewe sasa. Alimlilia mama yake kwa jina, akalilia ndege na mpunga, akawalilia watoto wake walio ng'ambo ya maji, akawasikia wenzake wakimpokea kila alipoishiwa pumzi. Baadaye majina yakaanza kuchanganyika. Mtu alimlilia Gladness. Mtu alimlilia mzee wa kwanza. Wote waliopelekwa nyuma ya shule bila kuliliwa walitajwa jioni ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza lilipoanza kuingia na sauti zikapungua, zikaisha, na milango ikasikika ikifungwa.

Njia ya kuja kwake ilikuwa tupu vilevile. Kesho pengine wangemgeuzia mgongo kama jana, hakujua. Aliingia ndani, akautoa mkeka, akautandika chini ya upenu palipokuwa pakavu, akakaa mwisho mmoja. Anselim alimtazama bila kuelewa.

"Vua hayo mabuti," alisema Paulina. "Njoo tukae msiba."

Alivua, akaja, akakaa mwisho wa pili wa mkeka, miguu ameikunja, macho chini. Katikati yao paliachwa nafasi ya kutosha watu wengi. Hivyo ndivyo matanga ya Luciana yalivyokaliwa.